Laki Sita na Themanini

Nimeiandika tena, kwenye daftari la hesabu,
kwa penseli, maana bei za Kariakoo hazipendi wino:
prosesa, mazabodi, ramu, diski, pawa saplai,
na chini kabisa, nimeipigia mstari mara mbili, kadi ya picha.
Jumla inanitazama kama mdai.
Mimi nina laki sita na themanini,
miezi kumi na moja ya kuchapa barua za watu,
wasifu, risala, mikataba ya vyumba,
mia tano kwa ukurasa, wa rangi elfu.

Miaka minne nimecheza kwa kukodi
kwenye kibanda cha Rogati, Tandika,
pedi inanata jasho la mikono ya wengine,
na dakika zikiisha skrini hukatika
tumebaki mimi na kipa.

Duka la kwanza wamenionyesha kasha la kioo.
Feni saba. Linawaka kama ukumbi wa sendofu.
"Dada, hili ndilo la gemu."
Ndani kuna nini?
"Ndani utajaza taratibu."
Ndivyo shangazi alivyonunua kabati la vyombo,
na hadi leo linatunza soksi.

Ghorofa ya pili, juu ya wauza mapazia,
yuko Mbonea, bisibisi nyuma ya sikio.
Hakuuliza nina shilingi ngapi.
Ameuliza, "Unakaa wapi?"
Yombo Vituka.
"Umeme wa kwenu ukikatika, hurudi vipi?"
Hurudi kama mtu aliyekuja kufumania.
Akachukua penseli yangu.

Amefuta kadi ya picha.
Jamani, ile ya mistari miwili!
Mahali pake akaandika pawa saplai ya maana,
nikaipima mkononi kama anayenunua nyama.
Ile ya bei chee ilikuwa nyepesi kama ahadi.
"Hiyo itakuunguzia vyote," akasema,
"na ambavyo bado hujanunua."
Prosesa kachagua yenye picha zake ndani,
mtumba, imetoka kwenye kompyuta ya ofisi ya ng'ambo;
tumekagua miguu yake kwa tochi ya simu,
safu kwa safu, mmoja ulipinda,
akaunyoosha kwa wembe, ameshika pumzi, nami nimeshika yangu.
Ramu mbili ndogo badala ya moja kubwa:
"Ndoo mbili hazichoshi bega moja."
Kasha ni bati la kijivu, lina stika ya benki iliyochunika nusu.
Nikaomba apunguze elfu kumi na tano.
Akapunguza saba, akanipa na waya.

Skrini haikuwemo daftarini.
Niliona haya kuiandika.
Skrini ni televisheni ya mama.

Saa nne usiku. Tamthilia imekwisha, mama hajaondoka.
Kanga magotini, anatazama nikikaza skrubu ya mwisho.
Nimebonyeza. Feni ikazunguka, ikasita,
ikaendelea.
Kioo cheusi.
Cheusi.
Kisha maandishi meupe, madogo, kama mchele uliomwagika.

"Hicho kidude kinakula LUKU kiasi gani?"
Chini ya pasi, mama.
"Pasi hunyoosha nguo."
Hilo sina jibu lake.

Ubavu wa kasha nimeuacha wazi.
Kwenye mazabodi kuna tundu refu, jeusi,
lina kufuli yake ndogo na halina kitu.
Nimelipuliza vumbi ambalo halijaingia bado.

Gemu imefunguka kwa picha za chini kabisa:
uwanja ni zulia la kijani,
mashabiki wamefanana kama waliozaliwa siku moja,
kivuli cha mpira ni mraba.
Lakini kipa ni yuleyule,
nami nimebaki naye,
na hakuna anayehesabu dakika.

Mama amesogeza kiti.
"Huyu wa njano hapa pembeni," anasema,
"kwa nini humpi mpira?"